Kuchoka na Kisukari Si Uvivu: Namna ya Kuubeba Mzigo wa Kila Siku

Na Kitengo cha Mawasiliano, Serikali ya Kaunti

Siku mtu anapoambiwa ana kisukari, hutoka hospitalini na orodha ya kazi. Apime sukari. Ameze dawa kwa wakati, au ajidunge insulini kabla ya kula. Apunguze sima, wali na mahamri. Atembee kila siku. Akague nyayo jioni asije akawa na kidonda asichokisikia. Arudi kliniki kwa tarehe. Kazi hizi hazina Jumapili, hazina sikukuu, wala hazina umri wa kustaafu.

Wengi huanza vizuri. Baada ya miezi au miaka, baadhi yao huanza kuruka dozi, kuacha kupima na kukosa kliniki. Watu wa nyumbani husema amekuwa mkaidi. Mhudumu kituoni huandika kwamba hafuati maagizo. Mgonjwa mwenyewe hujiona mtu aliyeshindwa. Mara nyingi wote watatu wamekosea, kwa sababu kinachomsumbua ni uchovu wa kuishi na kisukari. Uchovu huu unatambulika kitaalamu, una dalili zake, na unasaidika.

Makala haya yanaeleza uchovu huo ni nini, unavyoathiri sukari mwilini, na hatua ambazo mgonjwa na jamaa zake wanaweza kuchukua.

Saa 8,760 kwa mwaka

Tupige hesabu ndogo. Mwaka una saa 8,760. Mgonjwa anayehudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu, na kukaa na mhudumu nusu saa kila anapokwenda, hupata saa mbili za kitaalamu kwa mwaka mzima. Saa zote zilizobaki, daktari wa kisukari chake ni yeye mwenyewe.

Ni yeye anayeamua matangani Kaloleni kama atakula wali wote aliopakuliwa. Ni yeye anayeamua, akiwa kwenye matatu kuelekea Malindi, kama ule mtetemeko wa mikono ni njaa au sukari imeshuka. Msimu wa maembe ukifika na kila boma lina ndoo imejaa, ni yeye anayehesabu vipande huku wenzake wakila bila kufikiri. Uamuzi mmoja mmoja ni mwepesi. Ni wingi wake, siku baada ya siku, unaochosha.

Kuna pia namna habari yenyewe inavyomfikia mtu. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 na Wizara ya Afya pamoja na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), karibu watu wazima 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari. Maana yake ni kwamba wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, baadhi yao macho yakiwa yameshaanza kufifia au kidonda mguuni kikiwa kimekataa kupona. Mtu wa namna hiyo hupokea ugonjwa na hofu kwa siku moja, na mara nyingi hapati nafasi ya kuulizwa amezipokeaje habari hizo.

Uchovu wa kisukari ni nini?

Wataalamu wamekuwa wakiupima uchovu huu kwa miaka mingi. Mwaka 1995, watafiti wa Kituo cha Kisukari cha Joslin mjini Boston, Marekani, wakiwemo na mwanasaikolojia William Polonsky, walichapisha fomu ya maswali inayomuuliza mgonjwa ni mambo gani ya kisukari yanayomlemea. Tangu hapo fomu hiyo na nyingine fupi zimetumika katika nchi nyingi, na miongozo ya kimataifa ya tiba inawataka wahudumu kuuliza kuhusu hali ya moyo ya mgonjwa kama wanavyouliza kuhusu namba za sukari.

Dalili za uchovu huu ni kama hizi:

- Kuhisi kwamba kisukari kimetawala maisha yako yote.
- Kukwepa kupima kwa sababu hutaki kuiona namba.
- Kuingiwa na hatia kila unapokula, hata chakula kinachokufaa.
- Kuwakasirikia watu wa nyumbani wanapotaja dawa au chakula.
- Kuficha ugonjwa kazini, kanisani, msikitini au kwa mchumba.
- Kuogopa mno upofu, kukatwa mguu au figo kufeli, hadi unaona hakuna haja ya kujitahidi.
- Kuacha kliniki kwa kuogopa kukaripiwa.

Mtu mwenye dalili moja au mbili kwa siku chache hana sababu ya kushtuka. Zikidumu kwa wiki kadhaa na kuanza kukuharibia tiba, ni jambo la kumweleza mhudumu.

Uchovu huu na ugonjwa wa huzuni

Uchovu wa kisukari hufanana na sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni, lakini ni mambo mawili. Aliyechoshwa na kisukari bado anaweza kucheka kwenye harusi, kufurahia mpira na kwenda shambani kwa hamu. Kinachomlemea ni dawa, vipimo na chakula. Mzigo huo ukipunguzwa, moyo wake hurudi.

Mwenye sonona hupoteza hamu ya karibu kila kitu. Jiulize maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, nenda kituo cha afya ukaeleze. Watu wenye kisukari hupata sonona kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wasio nacho. Inatibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Na kama umefikiria kujidhuru, au umefikiria kuitumia insulini au vidonge kujitoa uhai, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na nendeni hospitalini siku hiyo hiyo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu ya bure, 1199, ambapo unaweza kuzungumza na mshauri.

Mawazo hupandisha sukari

Wagonjwa wengi wameliona hili wenyewe: hawakubadilisha chakula, dawa wamemeza, lakini wiki ya msiba au ya karo za shule sukari imepanda. Sababu ipo mwilini. Mtu anapokuwa na hofu au mawazo mengi, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Homoni hizo huliamuru ini kumwaga sukari katika damu ili mwili uwe na nguvu ya kupambana au kukimbia, na pia huifanya insulini isifanye kazi yake vizuri. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hurekebisha hali hiyo upesi. Kwa mwenye kisukari, sukari hubaki juu.

Hapo ndipo mzunguko mbaya huanza. Mawazo yanapandisha sukari, na sukari iliyopanda inaleta uchovu, kiu na mawazo zaidi. Kwa hiyo kuutunza moyo ni sehemu ya tiba, kama ilivyo kumeza dawa.

Namba ya sukari si alama ya mtihani

Tumezoea kusema sukari yangu ni "nzuri" au ni "mbaya". Maneno hayo hugeuza kila kipimo kuwa hukumu. Mama anayeuza samaki Mtwapa akipima asubuhi akaona 11, anahisi ameanguka mtihani, na kesho yake hapimi ili asianguke tena.

Ingefaa aisome namba kama dereva anavyosoma geji ya mafuta. Geji haimlaumu dereva, inamwonyesha hatua inayofuata. Namba 11 inauliza maswali: Jana jioni nilikula nini na saa ngapi? Dozi niliimeza? Nina homa, kidonda au maumivu ya jino? Nililala? Kuna jambo linalonisumbua? Wakati mwingine hakuna jibu, kwa sababu ugonjwa, usingizi mbaya, joto kali na homoni za mwili husogeza sukari bila mtu kufanya kosa lolote.

Kumbuka pia kwamba kipimo kimoja ni cha dakika ile tu. Kile kipimo cha HbA1c kinachofanywa maabara huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Siku moja ya pilau la Idi au la Krismasi haiwezi kuharibu miezi mitatu ya kazi nzuri. Kinachoharibu ni kukata tamaa baada ya siku hiyo.

Hofu ya sukari kushuka

Wanaotumia insulini, na baadhi ya wanaotumia vidonge vya jamii ya glibenklamaidi, huwa na hofu nyingine: sukari kushuka ghafla. Aliyewahi kuanguka sokoni au kuamka usiku akiwa amelowa jasho hasahau. Wengine huamua kuiacha sukari ibaki juu makusudi ili isije ikashuka. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni maandalizi.

Sukari ikiwa chini ya 4, au ukihisi kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla au hasira isiyo na sababu, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, au nusu kikombe cha soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula kitu kidogo kama mlo wako bado uko mbali. Jamaa wajue kwamba mgonjwa aliyezimia hanyweshwi wala halishwi chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitalini.

Tembea na sukari mfukoni au kwenye kibeti, na mfundishe mtu mmoja nyumbani na mmoja kazini la kufanya. Kama sukari yako hushuka mara kwa mara, kliniki inaweza kubadilisha dozi. Usiibadilishe mwenyewe kimyakimya.

Kuupunguza mzigo

Mtu aliyelemewa hasaidiwi kwa kuongezewa maagizo. Hatua zifuatazo zinalenga kupunguza kazi:

1. Chagua jambo moja kwa mwezi. Kubadilisha chakula, mazoezi, dawa na usingizi kwa pamoja huwashinda wengi. Mwezi huu iwe kuacha sukari kwenye chai. Mwezi ujao, kutembea dakika 20 baada ya chakula cha jioni.

2. Uliza ni mara ngapi unahitaji kupima. Anayetumia insulini huhitaji kupima mara nyingi zaidi. Anayetumia metformini peke yake kwa kawaida hahitaji kupima kila siku. Wapo wanaojichoma vidole na kumaliza pesa kwa vijiti vya kupimia bila sababu.

3. Funga dawa kwenye jambo unalofanya tayari. Mswaki, swala, au taarifa ya habari ya jioni. Kumbukumbu ikipata mahali pa kushikilia, akili hupumzika.

4. Usipige chakula chochote marufuku ya milele. Kinachokatazwa kabisa hutamaniwa kabisa. Nusu embe baada ya mlo, ukipunguza sima kidogo, ni bora kuliko mwezi wa kujinyima na kisha maembe matano kwa mpigo.

5. Panga mapumziko kwa kushauriana. Mwambie mhudumu, "Nimechoka, tufanyeje?" Pengine ratiba ya dawa inaweza kurahisishwa au vipimo kupunguzwa kwa muda. Mapumziko ya kupangwa ni salama. Kuacha dawa bila kusema si salama, na kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kuacha insulini kunaweza kuua kwa siku chache.

6. Kama unakusudia kufunga Ramadhani au mfungo mwingine, nenda kliniki wiki sita hadi nane mapema. Wako wanaoweza kufunga kwa dozi iliyobadilishwa, na wako walio hatarini. Kulijua hilo mapema huondoa wasiwasi wa mwezi mzima.

Insulini bila friji

Kwa wanaoishi mahali pasipo na stima, kuhifadhi insulini ni wasiwasi wa kila siku. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha matokeo yaliyotokana na kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaunti ya Garissa. Walipima joto la ndani ya nyumba kambini, wakaliiga katika maabara, kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Insulini ilibaki na nguvu ya kutosha.

Hii haina maana ya kuiacha juani au karibu na jiko. Chupa uliyoifungua iwekwe ndani ya chombo kilichofungwa maji yasiiguse, kisha ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini, na itumike ndani ya wiki nne. Ambazo hazijafunguliwa zinahitaji friji ya nyuzi 2 hadi 8. Ulizia kama zahanati iliyo karibu inaweza kukuhifadhia.

Watu wa nyumbani

Upendo ukija kwa sura ya ulinzi, huumiza. Hakuna anayefurahia kuhesabiwa tonge mbele ya wageni. Badala ya kusema, "Baba, si umekatazwa hicho?", jaribu, "Baba, leo nikupakulie kiasi gani?" Badala ya, "Mama, sukari yako imepanda tena, unakula nini wewe?", sema, "Pole mama. Wiki hii imekuwa ngumu, nikusaidie nini?"

Msaada mkubwa zaidi ni kula pamoja. Mboga, maharagwe, samaki na sima ya kiasi si chakula cha mgonjwa. Ni chakula kizuri kwa watoto na wazee pia. Mgonjwa akipikiwa sufuria yake ya peke yake, hujiona ametengwa. Na hasira za ghafla zisichukuliwe kuwa ni dharau kabla ya kupima: huenda ni sukari iliyoshuka.

Watoto na vijana wanahitaji uangalizi wa pekee. Kijana anayejidunga insulini akijificha chooni shuleni ili asichekwe anabeba mzigo wa watu wawili. Mwalimu wa darasa ajulishwe, na apewe sehemu safi na ya faragha. Wazazi wajue pia kwamba homoni za kubalehe hupandisha sukari, kwa hiyo namba za juu katika umri huo si lazima ziwe ukaidi.

Wanaume nao wana jambo wasilolisema. Kisukari kinaweza kupunguza nguvu za kiume kwa kuharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Wengi hukaa kimya, ndoa ikatikisika, au wakanunua dawa za mtaani. Ni tatizo la kawaida kliniki, na lina tiba.

Kisha kuna maneno ya majirani: kwamba ni kurogwa, au kwamba kuna mti unaoponya kabisa. Maombi na dawa havigombani. Omba, na uendelee kumeza dawa. Anayekuambia uache dawa ndipo akuponye, mwepuke.

Pa kupata msaada

- Wahudumu wa afya ya jamii. Tangu mwaka 2023, wahudumu hawa kote nchini wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa, ikiwemo mashine ya kupima sukari na ya kupima shinikizo la damu. Muulize mzee wa kijiji au zahanati anayehudumia boma lako ni nani.
- Zahanati na vituo vya afya. Kwa aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3 hulipiwa na Mfuko wa Huduma ya Afya ya Msingi. Kujisajili ni kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Huduma za hospitali za juu zaidi zinahitaji uwe umelipa michango yako.
- Kliniki ya kisukari. Uliza katika hospitali iliyo karibu nawe hufanyika siku gani, na kama kuna mshauri nasaha siku hiyo.
- Wenzako. Watu wanaokutana kwenye benchi la kliniki wanaweza kuanzisha kikundi, kama vyama vingine. Mkutane mara moja kwa mwezi, mpimane sukari, mtembee pamoja, mkumbushane tarehe. Anayeishi na ugonjwa huo huo hahitaji kuelezwa kwa nini umechoka.

Kwa wahudumu wetu, ombi ni dogo. Kabla ya kuuliza namba, uliza, "Mwezi huu kisukari kimekutendaje?" Aliyekosa kliniki mara mbili akirudi, apokewe kwa shukrani kwamba amerudi. Akikaripiwa, huenda tusimwone tena hadi mguu utakapooza.

Na kwako unayeishi na kisukari: kabla ya kliniki ijayo, andika kwenye karatasi au kwenye simu jambo moja tu linalokuchosha kuliko yote. Iwe ni sindano, gharama, chakula, hofu au maneno ya watu. Ukifika chumbani, lisome hilo kwanza, kabla ya kuvua kiatu ukaguliwe mguu na kabla ya kutoa kidole kichomwe.